Vibanda Vitatu: Je, Aliyeshuka na Mgonjwa Naye Amefika?

Masomo ya kutafakari: 1 Samweli 30:9-25, Luka 10:30-37, Mathayo 17:1-9



Leo nataka tujadili swali ambalo limetusumbua sana kwenye kikundi chetu cha VIWAWA hapa Chalinze tangu tuliporudi kutoka Mlima Kilimanjaro. Swali lenyewe ni hili: watu wakianza safari pamoja, mmoja akaugua njiani, mwingine akaamua kushuka naye, na waliobaki wakaendelea hadi juu, je, ni nani hasa amefika? Na wale walioendelea, walikuwa na haki ya kuendelea? Ukiliangalia harakaharaka unaweza kusema, "Aah, jibu lake liko wazi." Subiri kidogo. Sisi tulikuwa tisa, na tulipata majibu tisa.

Kwa ambao hawajawahi kwenda, nianze na mahali penyewe. Njia ya Marangu ndiyo njia pekee ya kupanda Kilimanjaro ambayo watu hulala kwenye nyumba. Njia nyingine zote ni mahema. Vituo vya kulala ni vitatu. Cha kwanza ni Mandara, takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, bado uko ndani ya msitu. Cha pili ni Horombo, mita 3,720, huko miti imekwisha na umebaki na majani, mawe na baridi. Cha tatu ni Kibo, karibu mita 4,700, ambako hata maji hakuna, yanabebwa kutoka chini. Kutoka hapo unaamka usiku wa manane, unawasha tochi ya kichwani, unapanda mpaka Gilman's Point, na ukijaliwa unafika Uhuru, mita 5,895.

Vibanda vya Mandara na Horombo ni vya mbao, paa zake zimeshuka kama hema, ndani kuna vitanda na magodoro, basi. Hakuna anasa yoyote. Lakini muulize mtu aliyetembea saa sita kwenye mvua kibanda kile kina thamani gani kwake!

Majina nayo yana historia yake. Wajerumani walipojenga vibanda vya mwanzo, cha chini walikiita Bismarck na cha pili wakakiita Peters. Huyo Peters ni Carl Peters, yule yule aliyeshukia Saadani mwaka 1884 akazunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami kuwawekesha watemi alama kwenye karatasi ambazo hawakuzielewa. Wazee walimwita Mkono wa Damu. Baadaye alipokuwa mtawala Kilimanjaro aliwanyonga watu, na mwaka 1897 serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi kwa ukatili. Fikiria sasa, msafiri aliyechoka anapokelewa kwenye mlango wenye jina la mtu ambaye hakuwahurumia wenye nyumba! Leo vibanda hivyo vina majina ya wamangi wa Kichaga, Mandara wa Moshi na Horombo wa upande wa Rombo. Jina Mandara lilituchekesha sana, kwa sababu nusu yetu tulikuwa tunasema "Mandera", kama Mandera yetu ya huku Chalinze, misheni ya zamani ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Na kwa kweli kuna undugu: mapadre wa shirika hilo, walioanza Bagamoyo mwaka 1868, ndio waliofika Kilema mwaka 1890, mlimani pale pale, jirani na Marangu. Imani ya kule na ya kwetu imepita mlango mmoja.

Sasa nirudi kwenye tukio. Tulifika Horombo siku ya pili. Mwenzetu mmoja, dada ambaye tangu Mandara alikuwa analalamika kichwa, alianza kutapika. Jioni akawa anayumba akitembea, ukimwuliza jambo anajibu lingine. Mwongozaji wetu alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu hapandi tena. Anashuka sasa hivi." Ugonjwa wa mwinuko ndivyo ulivyo. Mwili ukikosa kuzoea hewa nyepesi, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au kwenye ubongo, na dawa ya uhakika ni moja, kushuka. Haumwonei haya mwenye nguvu wala mwenye imani. Mwongozaji msaidizi alikuwa tayari kumshusha, kwa hiyo kiusalama alikuwa na mtu. Lakini yule dada alikuwa analia. Alisema, "Naomba mmoja wenu aje na mimi."

Tukatazamana. Jamani, safari ile tulikuwa tumeichangia kidogokidogo muda mrefu. Wengine waliuza kuku, mmoja aliuza simu. Na ukishuka, hairudiwi.

Ndipo kaka mmoja, fundi pikipiki hapa Chalinze, akasimama akaanza kufunga begi lake. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mimi nashuka naye, nyie nendeni." Wakaondoka na tochi. Sisi saba tukabaki. Asubuhi tukaenda Kibo, na usiku wake tukapanda. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofika Uhuru.

Nawaambia haya ili mjue kwamba swali hili silijadili kama mtu aliyekaa pembeni.

JIBU LA KWANZA: KILA MTU NA SAFARI YAKE

Mmoja wetu alisema hivi: kila mtu alilipa hela yake, kila mtu ana mapafu yake. Aliyeugua ni bahati mbaya, aliyeshuka aliamua mwenyewe, na aliyefika amefika. Hakuna wa kumdai mwenzake.

Jibu hili lina ukweli kidogo. Hakuna anayeweza kupumua kwa niaba ya mwingine. Lakini nadhani linasahau jinsi mtu anavyofika pale juu. Mimi sikubeba chakula changu. Sikubeba gesi ya kupikia wala maji ya Kibo. Vilibebwa na wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita kule, na jina linawafaa. Kanuni ya hifadhi inasema mgumu asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa mgeni. Kilo 20, ndugu yangu, ni mfuko wa simenti karibu nusu, na anakupita njiani akiwa anakimbia ili ukifika ukute chai ya tangawizi imechemka. Wengi wao siku ya kilele hubaki kambini. Sasa mimi nikisema "nilifika kwa nguvu zangu", nimesema uongo.

Sisi watu wa huku tunapaswa kulielewa hilo kuliko wengine. Bagamoyo ilikuwa mji wa wapagazi. Pembe na bidhaa za bara zilishuka pale juu ya mabega na vichwa vya watu. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa misheni ya Bagamoyo ukiwa umebebwa kutoka katikati ya Afrika na watu waliokuwa wakimtumikia, Chuma na Susi wakiwa miongoni mwao. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hao waliombeba, ni wangapi kati yetu tunaweza kuwataja zaidi ya hao wawili?

JIBU LA PILI: WOTE TUNGESHUKA

Mwingine alisema kinyume kabisa: kama sisi ni Wakristo kweli, wote tungeshuka. Mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia.

Jibu hili lilinichoma, na kwa muda nilidhani ndilo la kitakatifu zaidi. Mpaka niliposoma tena mfano wa Msamaria Mwema na kugundua kitu ambacho sikuwahi kukiona. Msamaria hakuacha safari yake! Alisimama, akafunga majeraha, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumwuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, yaani mshahara wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Halafu akaendelea na safari.

Yesu hamlaumu kwa kuendelea. Waliolaumiwa ni kuhani na Mlawi, nao hawalaumiwi kwa sababu walifika waendako. Wanalaumiwa kwa sababu walipita upande wa pili.

Hapo nikaelewa kwamba upendo hautaki watu kumi wafanye kazi ya mtu mmoja. Kule Horombo, kama sote tungeshuka, yule dada asingepona haraka zaidi. Pengine angeumia zaidi moyoni, akijiona yeye ndiye aliyewaharibia wote. Alichohitaji ni mtu mmoja wa kwake na njia ya kushukia, na alivipata vyote.

Lakini angalia, ndugu msomaji, Msamaria aliweza kuendelea kwa sababu mbili tu. Kulikuwa na nyumba, na kulikuwa na mtu aliyekubali kubaki ndani ya nyumba hiyo na mgonjwa. Ondoa mwenye nyumba ya wageni kwenye mfano ule, na Msamaria ana machaguo mawili mabaya: aache safari yake yote, au amwache mtu afe. Tumemsifu sana Msamaria. Yule mwenye nyumba tumemsahau kabisa. Hatujui hata kama zile dinari mbili zilitosha.

WANAOBAKI KWENYE NYUMBA

Kanisa limewajua watu wa namna hii tangu zamani. Huko Ulaya, kwenye milima ya Alps, kuna njia ya juu kati ya Uswisi na Italia, karibu mita 2,470, ambako wasafiri walikuwa wanakufa kwa theluji na kuvamiwa na wanyang'anyi. Katika karne ya 11 Mtakatifu Bernard alianzisha nyumba ya kupokea wageni pale juu, na watawa wapo hapo mpaka leo. Wale mbwa wakubwa wa uokoaji wenye jina la Mtakatifu Bernard asili yao ni nyumba hiyo. Papa Pius XI, ambaye kabla ya kuwa Papa alikuwa mpanda milima hodari, ndiye aliyemtangaza Bernard kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Hebu tulitafakari hilo. Kanisa lilipotafuta mtakatifu wa kuwasimamia wapanda milima, halikutafuta aliyefika mbali zaidi juu. Lilimchukua aliyejenga nyumba njiani ili wengine wasife.

Msinielewe vibaya, kupanda si dhambi wala si majivuno. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, alipenda milima kupita kiasi. Kwenye picha ya kupanda kwake kwa mwisho aliandika maneno yenye maana ya "kuelekea juu". Lakini huyohuyo alikuwa anapanda ngazi za nyumba za maskini kupeleka dawa na chakula, na alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 tu, kwa ugonjwa wa polio. Siku ya maziko yake familia yake ilishangaa kuona maskini wa mji wamejaa barabarani. Frassati alizijua ngazi zote mbili.

Na Petro je? Kule mlimani Bwana alipogeuka sura, Petro alitaka kujenga vibanda vitatu abaki hapo hapo. Hakuruhusiwa. Walishuka, na mara tu waliposhuka wakakuta baba mwenye mtoto mgonjwa anawasubiri. Yesu alikuwa anajua mgonjwa yuko chini.

SHERIA YA DAUDI

Tatizo letu kubwa halikutokea mlimani. Lilitokea nyumbani. Tuliporudi kulikuwa na furaha kubwa, watu wakatupokea, na baada ya ibada majina ya "waliofika" yakasomwa. Yalisomwa saba. Vyeti vikaonyeshwa, kwa sababu kule hifadhi inatoa cheti kwa aliyefika Gilman's Point na kwa aliyefika Uhuru. Fundi wetu alikuwa amekaa benchi la nyuma, anapiga makofi pamoja na watu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila mimi cheti changu kilianza kuniwasha mkononi.

Jibu nililipata kwenye 1 Samweli sura ya 30. Daudi anawafukuza Waamaleki walioichoma Siklagi na kuteka wake na watoto. Ana watu 600. Wanapofika kijito cha Besori, watu 200 wamechoka kiasi kwamba hawawezi kuvuka. Wanabaki na mizigo. Mia nne wanaendelea, wanashinda, wanarudi na kila kitu. Wengine katika wale mia nne, na Biblia inawaita watu wabaya, wanasema hawa waliobaki wasipewe nyara, wachukue wake zao na watoto wao waende zao. Daudi anakataa. Anasema ushindi umetoka kwa Bwana, kwa hiyo fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na mizigo ni sawasawa. Na akaifanya kuwa sheria ya Israeli.

Mtu ataniuliza: "Sasa ikiwa wote ni sawa, kuna haja gani ya kujitahidi? Si tungekaa wote kwenye mizigo?" Swali zuri. Daudi hakusema kwamba waliobaki walipigana. Hakusema uongo. Aliyevuka alivuka, aliyebaki alibaki. Cheti changu kinasema miguu yangu ilikanyaga Uhuru, na ni kweli. Cheti cha fundi hakipo, na hilo nalo ni sawa, maana miguu yake haikukanyaga. Lakini cheti kinapima miguu. Fungu ni jambo jingine. Fungu ni furaha, heshima na shukrani ya safari, na safari ilikuwa moja. Kama yeye asingeshuka, mmoja wetu angelazimika kushuka, au tungepanda tukiwa na kilio cha mwenzetu masikioni. Kwa maana hiyo amani niliyopanda nayo ilitoka kwake, aliilipia yeye.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Tulioendelea tulikuwa na haki ya kuendelea, kwa sharti kwamba mgonjwa asiachwe, na kwa sharti la pili ambalo ni gumu zaidi: tusichukue fungu la aliyebaki naye. Tukitimiza la kwanza tukavunja la pili, tumeokoa mwili wa mmoja na tumemnyima mwingine haki yake.

HOROMBO NI HUKU KWETU

Nimeandika haya kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa hamtapanda Kilimanjaro, lakini mko Horombo tayari.

Chalinze ni mji wa kupita. Basi la Moshi linakata kulia hapa kuelekea Segera, la Morogoro linanyoosha. Watu wananunua chungwa, nanasi la Kiwangwa, wanaenda haja, wanaondoka. Ukikulia hapa unaona dunia nzima inaelekea mahali pengine. Na kuna vijana, mimi nawajua, waliobaki. Kuna dada aliyeacha chuo mwaka wa kwanza kwa sababu mama amepooza na wadogo zake wanasoma. Kuna kaka anayeuza mahindi ya kuchoma stendi usiku ili mdogo wake amalize udaktari. Mdogo akihitimu kutakuwa na sherehe, keki na joho. Jina la muuza mahindi litasomwa?

Ninyi mliobaki, msijione mmeshindwa. Horombo ndicho kituo ambako wanaopanda na wanaoshuka hulala pamoja. Huwezi kufika Kibo bila kupita hapo, na ukirudi kutoka Uhuru miguu ikitetemeka, taa unazozitafuta ni za Horombo. Ila nawaambia pia ukweli: kubaki si lazima kuwe kwa maisha yote. Mzigo wa mgonjwa au wa familia ukiangukia mtu mmoja miaka na miaka, wenzake wakiendelea tu kupanda, hapo si sadaka tena, ni uonevu. Msamaria aliahidi kurudi kulipa. Wewe uliyefika, ulirudi?

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, mtaje kwa jina mtu mmoja aliyebaki na mizigo ili wewe uendelee, na umwambie ana kwa ana. Meseji haitoshi.

Pili, kama kuna mgonjwa nyumbani au kwenye jumuiya yenu, chukua zamu hata ya siku moja ili anayemwuguza apumzike.

Tatu, kwenye kikundi chenu, mkisoma majina ya waliofanikiwa, someni na ya waliowabeba. Sisi tumekubaliana hivyo, na mkutano ujao majina yatakuwa tisa.

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyepanda mlimani ukashuka kwa ajili ya wagonjwa, wabariki wote wanaopanda, uwalinde miguu yao. Wabariki zaidi wanaobaki kwenye vibanda, kwenye vitanda vya wagonjwa na kwenye mizigo ya wengine. Utupe macho ya kuwaona, na mioyo isiyochukua fungu lao. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.